Watamu: Samaki anayeuzwa kila siku

Ukishika njia ya kutoka Mombasa kwenda Malindi, ukavuka daraja la Kilifi ambalo tangu 1991 limewaondolea wasafiri adha ya kusubiri feri, haitachukua muda kabla ya msitu wa Arabuko-Sokoke kukuandama mkono wa kushoto. Msitu ukiisha, umefika Gede. Shuka hapo. Mkono wa kulia ipo barabara ya lami iteremkayo Watamu, na matatu na tuktuk hazikosekani.

Nilifika mwezi wa Februari, bahari imetulia kwa upepo wa kaskazi na watalii wamejaa. Ufuoni kijana mmoja alinisalimu kwa Kiitaliano, maana Waitaliano wameizoea pwani hii kwa miongo mingi hata wenyeji wakajifunza lugha yao. Alipong'amua kwamba mimi ni wa humu humu nchini alicheka, akaniita kaka, akanipeleka kwa nahodha wa mashua ya kioo, mzee wa makamo mwenye kofia iliyopauka kwa chumvi.

Bahari tunayoingia si ya kuchezewa. Mbuga ya baharini ya Watamu ilitengwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, zikawa miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Ndani yake hakuna ruhusa ya kuvua hata dagaa, na kila mgeni hulipa ada kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Nahodha alinieleza bila kuficha kwamba marehemu babake alikuwa mvuvi wa papo hapo, na siku walipokatazwa waliona wamenyang'anywa shamba.

"Lakini sasa tazama, mwanangu," akasema, akionyesha chini ya kioo ambako pono wa rangi ya samawati alikuwa akiguguna jiwe. "Babangu angemuuza huyu mara moja. Mimi humuuza kila siku, na jioni namwacha pale pale."

Hilo nililoliita jiwe, msomaji, si jiwe. Matumbawe ni kazi ya vijidudu hai vidogo mno ambavyo hujijengea nyumba za chokaa, kizazi juu ya kizazi. Yale manene ya mviringo huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka. Kwa hivyo mgeni anayeshuka majini na miwani yake, akachoka kuelea, akaona heri asimame kidogo apumzike, aweza kuvunja kwa kisigino kimoja kazi iliyoanza kabla hajazaliwa. Nanga ni mbaya zaidi, na ndiyo sababu nahodha wetu alifunga kamba kwenye boya wala hakutupa kitu chini.

Basi jirani yetu palikuwa na mashua nyingine. Wageni wake walikuwa wakiinua viti vya pweza juu ya maji na kupigwa picha, viumbe wa watu wakining'inia juani. Kwetu bibi mmoja Mzungu aliona vile, naye akaomba aletewe kimoja. Nahodha akamkatalia kwa upole. Bibi akanuna, na tulipofika nchi kavu hakutoa bakshishi. Hapo ndipo penye kidonda chenyewe: anayefuata sheria hukosa, anayeivunja hupata, na jioni wageni huulizana hotelini ni mashua gani yenye raha zaidi.

Tena hata wote wangetii, kuna adui asiyeogopa askari wa mbuga. Mwaka 1998, wakati wa El Nino, maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto la ajabu, matumbawe yakageuka meupe, na sehemu kubwa ya yale ya pwani ya Kenya ikafa, ndani ya mbuga na nje yake. Mwaka 2016 yalipauka tena. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza mpauko wa nne wa dunia nzima. Hewa chafu inayoongeza joto hilo hutoka viwandani, kwenye magari na mitambo ya umeme, lakini utalii nao umo: utafiti uliochapishwa 2018 ulikadiria kuwa utalii wa dunia huchangia karibu asilimia 8 ya gesi hizo, na safari za ndege zimehesabiwa humo. Nilipomweleza nahodha hayo alinyamaza kitambo, akivuta kamba.

"Mguu wa mgeni nitaukataza," akasema. "Ndege iliyomleta nitaikatazaje?"

Sikuwa na jibu. Wako wanaosema dawa ni wageni wasije kabisa, nami siafiki. Machi 2020, kwa ajili ya korona, ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa nchini hadi Agosti mosi. Nahodha aliniambia kwamba alirudi kwenye mshipi na mtumbwi nje ya mbuga, akigombania samaki na majirani waliokuwa wameachishwa kazi hotelini.

Afadhali mgeni aje mara moja, akae sana, na pesa zake zilale hapa. Wengi hulipa kila kitu huko huko Ulaya, ndege na chumba na chakula kwa risiti moja, na Watamu ikaambulia bakshishi, kama ipo. Hoteli niliyolala mimi, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kadi bafuni ikinisihi nisibadilishe taulo ili kuokoa maji, ilhali nje majani yalikuwa yakimwagiliwa saa saba mchana, jua la utosi. Nilicheka peke yangu. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna magofu ya mji wa kale wa Gede, uliohamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima kupungukiwa maji.

Lakini nisikuache na uchungu. Twende Mida, kwenye mikoko. Pale kuna daraja la mbao linaloyumba juu ya matope na mizizi, na ada ya kulipita husaidia karo ya sekondari ya watoto wa vijiji vya kandokando ya msitu na ghuba. Upande wa Dabaso, kikundi cha wanakijiji kimejenga mkahawa wa miti katikati ya mikoko yenyewe. Nilikula kaa mpaka nikaona haya. Huko Watamu nako, tangu 1997, wako wanaotunza kasa, ambao humpa kifuta jasho mvuvi anayewapelekea kasa aliyenaswa wavuni ili arudishwe baharini akiwa mzima. Zamani huyo alikuwa kitoweo.

Ukienda, uliza kwanza saa za maji kujaa na kupwa, kwani mashua za kioo hufuata maji, hazifuati saa yako ya mkononi. Chupa ya plastiki iache ulikolala. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja na kutupa zimepigwa marufuku katika mbuga na fuo zake. Kabla ya kupatana bei, muulize nahodha kama anafunga kwenye boya au anatupa nanga. Na akikunyima kiti cha pweza, mpe bakshishi yake.