Kuona, Kuonana na Kuoneana

Desemba iliyopita, kama ilivyo desturi ya watu wa Uchaggani waliotawanyika mijini, tulipanda Mwika kula Krismasi kwa Baba. Binti yangu wa miaka 13 alibeba boksi lisilo na mfuniko. Nilikuwa nimelinunua Moshi, katika mitumba ya soko la Memorial, kwa bei ya shati. Ndani mlikuwa na ubao mkubwa uliochorwa vyumba na njia za pangoni, dadu, kadi, na sanamu ndogo za plastiki: mashujaa, mchawi, mpiga upinde, na mazimwi kumi na kitu, mengine yamekatika mikono. Mlikuwa pia na kijitabu cha kanuni kwa Kiingereza. Yeye alikisoma bila shida, lakini mwenzake wa kucheza, mjukuu wa baba yangu mdogo anayesoma darasa la sita hapo hapo kijijini, hakukielewa. Nikaombwa nitafsiri. Mtu akijulikana nyumbani kuwa anaandika mashairi, huombwa kila kitu chenye maandishi, hata barua za benki.

Nilitafsiri kwa raha kubwa mpaka nilipofika penye kanuni ya kuona. Mpiga upinde, kijitabu kilisema, aweza kumlenga adui yeyote anayemwona. Naye humwona ikiwa mstari ulionyooka waweza kuchorwa kati yao bila kuzuiwa na ukuta, nguzo au mlango uliofungwa. Basi. Hakikusema mstari uanzie wapi ndani ya mraba wala uishie wapi.

Hapo ndipo wapenzi wa lugha watanielewa nikisema nilisahau mchezo. Kitenzi chetu *ona* kina watoto wengi, na kila mtoto ana tabia yake. Nikiandika "mpiga upinde akimwona zimwi", nimempa macho mmoja tu. Nikiandika "zimwi likionekana", macho yametoweka na limebaki zimwi peke yake, kama tunavyosema juu ya mlima. Mwika mtu hauoni mlima kwa bidii yake. Asubuhi mawingu yakipenda, Kibo na Mawenzi huonekana, na yakikataa hata ukipanda juu ya paa hupati kitu. Nikiandika "wakionana", nimefunga njia mbili kwa kamba moja: nikikuona, nawe waniona. Kijitabu cha Kiingereza hakikuwa na neno moja la kusema hivyo. Nilichagua *wakionana*, nikajiona fundi.

Siku ya pili ya Krismasi, wakati wakubwa wanaangalia mbege ikichujwa, kelele zilitoka barazani. Binti yangu alikuwa na mpiga upinde. Mvulana alikuwa upande wa mazimwi. Zimwi lake kubwa lilikuwa nyuma ya nguzo, na mstari kati yao ulipita juu ya kona ya nguzo hasa, haukuingia wala haukuepuka. Binti akatupa dadu, zimwi likafa. Mvulana akasimama.

"Umenionea!"

Sijui kama alijua alichokisema. *Onea* kwa umbo lake ni kuona kwa ajili ya mtu, au kuona kwa kutumia kitu. Lakini mitaani na mahakamani ni kudhulumu. Sina maelezo ya kutosha ya namna jicho lilivyogeuka kuwa dhuluma, ila pale barazani maana zote mbili zilikaa katika neno moja bila kusongamana. Alikuwa amemwona kwa njia ambayo yeye hakuikubali kuwa njia ya kuona.

Walinigeukia mimi, kwa kuwa maneno yalikuwa yangu. Nilijaribu kuwaeleza kwa mfano niliouzoea. Katika mizani ya shairi, *mbele* ni mbili, na *mbu* pia ni mbili, ingawa macho yaona silabi moja. Ile *m* hujitegemea neno likiwa fupi, hujificha likiwa refu. Mtunzi asiyejua hilo atahesabu vibaya na kuapa kwamba amehesabu vizuri. Watoto waliniangalia kwa huruma. Niliwaambia pia kwamba si kijitabu chetu tu chenye taabu hii. Katika HeroQuest, mchezo wa jamii hiyo uliotolewa mwaka 1989 na Milton Bradley kwa kushirikiana na Games Workshop, mstari hutoka katikati ya mraba hadi katikati ya mraba. Katika toleo la pili la Descent, la mwaka 2012, hutoka kona yoyote hadi kona yoyote, na hapo watu huonana penye nafasi finyu ambapo wa kwanza wasingeonana. Maana yake ni kwamba neno "kuona" ni lile lile, na mtu aliyekufa katika mchezo mmoja angekuwa hai katika mwingine.

"Sasa sisi tunacheza upi, Baba Mkubwa?" mvulana akauliza. Swali zuri, nami sikuwa na jibu.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote, akisikiliza. Aliomba uzi. Akaletewa uzi wa kushonea magunia ya kahawa, akaukaza kutoka katikati ya mraba wa mpiga upinde hadi katikati ya mraba wa zimwi, akaweka kopo la dawa ya meno mahali pa nguzo, akaupigapiga kwa ukucha kama mtu anayejaribu zeze.

"Maneno yanasemaje? Usizuiwe?"

"Ndiyo, babu. Bila kuzuiwa."

"Uzi umegusa, haujapinda. Kilichogusa hakijazuia. Ungepinda, ningesema umezuiwa. Zimwi limekufa."

Mvulana alikubali kwa urahisi ulionishangaza. Hukumu ile ilitoka katika neno lenyewe, haikutoka katika ukubwa wa aliyeitoa. Lakini Baba hakuushusha uzi. Aliendelea kuukaza, akaelekeza kidevu kwenye migomba, upande wa juu wa kihamba.

"Na lile la kule," akaniuliza, "utafunga uzi wapi?"

Kwa wasomaji wasiotoka mlimani, niseme kidogo. Isale ni mmea wenye majani marefu, ambao kwetu ni alama ya mpaka na pia ya kuomba msamaha. Aliyekosa humpelekea aliyekosewa jani lake, na si rahisi kwa Mchagga kulikataa. Vihamba vyetu vimetenganishwa kwa masale tangu enzi ambazo hakuna aliyepima ardhi kwa chombo. Baba na mdogo wake waligawiwa kihamba cha marehemu babu mwaka 1998. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina mwandiko mzuri, nimeanza kughani mashairi kwenye sherehe za shule. Nikaitwa niandike. Mistari mingi ya karatasi ile haina shida. Wa mpaka niliuandika hivi: toka isale la juu, hadi isale la chini.

Wahesabuji wamekwisha kuhesabu. Nane kwa nane. Sikuandika hivyo kwa bahati. Nakumbuka baba mdogo, akiwa amesimama mfongoni, alisema "toka shina hadi shina", na nikaona neno *shina* linanivurugia kumi na sita zangu. Nikaliacha. Nilidhani isale ni isale. Nilikuwa na miaka kumi na minane na sijawahi kuona isale likizeeka.

Isale huzeeka kwa kunenepa. Huchipua pembeni, machipukizi nayo yakachipua, na sasa lile la juu ni kichaka ambacho mtu hukizunguka kwa hatua saba au nane. Ukifunga uzi kwenye ukingo wa upande wetu, kahawa tatu na mringaringa mmoja ni za baba mdogo. Ukiufunga kwenye ukingo wa upande wake, ni zetu. Hakuna aliyekuwa na haja ya kujua hadi kijiji kilipoanza kuandaa hati miliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na wapimaji wakaomba majirani wasimame kwenye mpaka pamoja. Walisimama. Karatasi yangu ikasomwa kwa sauti. Kila mmoja akasikia ndani yake kile alichokuja nacho, na kila mmoja alikuwa sahihi kwa Kiswahili. Hawajasalimiana kwa miaka miwili. Watoto tu ndio hupita kati ya migomba, na yule mvulana siku ile alikuwa amekuja bila kuaga.

Sikuwahi kumwambia Baba habari za neno *shina*. Nilimwambia pale barazani, watoto wakiwa wamekwisha kurudi pangoni mwao. Alikunja uzi polepole, akaufunga fundo.

"Kwa hiyo karatasi ilitupungukia."

"Nilipunguza mimi, Baba. Kwa ajili ya mizani."

Alinitaka nimweleze mizani ni nini, nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu ambayo ilikuwa nzito kuliko karipio.

Usiku ule niliandika upya. Ni kazi ngumu kuliko utenzi. Nilijaribu "katikati ya isale", nikaona katikati ya kichaka kinachokua nayo huhama kadiri upande mmoja unavyochipua zaidi. Nilijaribu "ukingo", nikalifuta mara moja. Nilitamani mnyambuliko mmoja ulio kama *onana*, unaowafunga wawili kwa sharti moja ili mmoja asidai bila mwenzake kudai vile vile. *Pakana* lipo, lakini husema tu kwamba mpaka upo. Mwishowe niliandika sentensi tatu ndefu, zisizo na kina wala urari, zenye namba za hatua kutoka kwenye jiwe la mfongo. Nikachuma jani la isale, nikaifunga karatasi kwalo, nikampa mvulana ampelekee babu yake. Nilimwambia aseme imetoka kwangu, si kwa babu yake mkubwa.

Ilirudi kesho yake jioni, jani halimo. Baba mdogo alikuwa amezikata sentensi zangu mbili kwa kalamu ya risasi, akaacha moja, na juu yake kuandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: *toka shina la kwanza la isale la juu*. Chini yake aliongeza kwamba shina la kwanza analijua, liko upande wa kaskazini wa kichaka, nene kuliko mengine, na kwamba kaka yake analijua pia kwa sababu walilipanda wote wawili, mmoja ameshika mche na mwingine anafukia.

Nilimsomea Baba. Akaniomba nirudie pale penye "wote wawili". Kisha akaagiza panga litafutwe, lile dogo la kupalilia migomba, na uzi ule ule.

Mizani ni kumi na nne, nimehesabu.