Ufunguo wa Stoo

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi kwa miaka 27, tangu mwaka 1984 hadi nilipostaafu mwaka 2011, na katika muda huo wote hakuna amri ninayoijutia kama ile niliyoitoa mwenyewe bila kuamrishwa na mtu. Naieleza hapa kwa sababu walimu vijana wanaonitembelea hudhani kwamba sanaa iliondolewa mashuleni na serikali. Kwa shule yangu si kweli. Niliiondoa mimi.

Sikuwa msanii. Nilisomea ualimu Butimba, Mwanza, na mkufunzi wetu alitufundisha kuchora kwa mkaa na udongo, maana alijua kwamba huko tuendako hakuna brashi. Tulikuwa vijana wa Azimio la Arusha. Tulikumbuka kwamba mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, aliposhika urais, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na tulikuwa tumeisoma Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, iliyotaka shule isitengane na maisha ya watu wanaoizunguka. Nami nilipangiwa kwa Wasukuma, ambako hata kulima kuna ngoma yake: bugobogobo huchezwa na watu walioshika majembe.

Shule hiyo niliyokuja kuiongoza ilikuwa na ngoma sita, zilizowambwa na wazee wa kijiji. Mwalimu wa sanaa alikuwa mtu mzima kunizidi, mpole, mwenye kanzu moja ya Ijumaa. Siku hiyo asubuhi alizitoa ngoma na kuzianika juani ili ngozi zikaze, na watoto waliokuwa wakipita njiani kwenda ziwani waliziona, wakakata kona kuja shuleni. Mpigaji mkuu alikuwa binti wa mvuvi, darasa la sita. Katika hisabati sikumbuki kama aliwahi kupata nusu ya alama. Lakini mvulana akikosea pigo, hata awe mkubwa kuliko yeye, binti huyo alisimamisha kundi zima kwa mkono mmoja, akamwonyesha, wakaanza upya. Kwangu mimi ofisini, mtoto huyohuyo hakuweza kutamka hata jina lake kwa sauti.

Watu wa semina hupenda kusema kwamba ngoma humsaidia mtoto katika hisabati. Huenda. Mimi sipendi utetezi huo, kwani unaifanya sanaa kuwa mpangaji ambaye lazima alipe kodi ndipo akae.

Sasa msomaji, ukumbuke hali ya miaka ile. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto asome, na mwaka 1977 Elimu ya Msingi kwa Wote ikajaza madarasa yetu pomoni. Nafasi za sekondari hazikuongezeka kwa kiasi hicho. Kijiji kilipima shule kwa jambo moja tu: wamechaguliwa wangapi? Mwaka 1987, katika shule yetu, hakuchaguliwa hata mmoja. Kwenye mkutano wa wazazi Januari iliyofuata, baba mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu mkuu, mnawafundisha watoto wetu ngoma ambazo sisi wenyewe tunazijua?" Watu wakapiga makofi. Sikuwa na jibu, na hadi leo naona lilikuwa swali la haki.

Wiki ile nilivigeuza vipindi vya Ijumaa mchana kuwa vya hisabati, nikazifungia ngoma stoo pamoja na majembe na magunia ya mbolea. Watoto sikuwaeleza sababu. Enzi hizo mwalimu mkuu hakujieleza kwa watoto. Mwalimu wa sanaa aliniletea ufunguo ofisini. "Huu hapa," akasema, "mimi sitakuja kuuomba." Katikati ya mwaka aliomba uhamisho, akaenda.

Mwaka 1988 walichaguliwa wawili. Nilisifiwa wilayani, nami nikafurahi. Jambo moja tu lilinisumbua, nalo lilikuwa katika daftari la mahudhurio. Ijumaa, iliyokuwa siku ya watoto wengi kuliko zote, ilikuwa imegeuka kuwa ya watoto wachache kuliko zote. Niliona, nikafunga daftari.

Miaka michache baadaye ikatangazwa kwamba Mwenge wa Uhuru utapita kwetu. Mgeni akija ngoma hutafutwa. Hiyo ndiyo sanaa tuliyoibakiza mashuleni, sanaa ya wageni. Nilifungua stoo. Panya walikuwa wamezila ngozi zote sita, yakabaki magogo. Ikabidi niende kuazima kwa mzee mmojawapo wa wale waliotuwambia. Alinipa, hakusema neno.

Mwaka juzi nilikwenda soko la dagaa la Mwaloni, pale Kirumba. Mama mmoja mwenye miwani akanipokea, "Shikamoo, mwalimu." Nilimtambua kwa mkono: aliunyanyua kuwanyamazisha vijana wake wabeba mizigo, wakanyamaza. Tukaulizana hali, watoto, wajukuu. Kisha akacheka, akasema kwamba hadi leo wakikutana waliosoma pamoja huzungumzia zile ngoma ambazo mwalimu wa sanaa aliziuza.

Nikamwuliza nani aliwaambia kwamba aliziuza.

"Tulirudi likizo hazipo, naye akahama. Tulijua tu. Hata wazazi walisema hivyo."

Mwalimu yule alifariki mwaka 1999. Nilihudhuria maziko, nikasimama nyuma. Baadhi ya wazee wa kijiji kile hawakuja, na mimi nilidhani ni umbali.

Nilimwambia yule mama ukweli wote, pale pale mbele ya wateja: stoo, ufunguo, panya. Alinisikiliza huku akipima. Makopo mawili, akafunga mfuko, na ile nyongeza ya kiganja ambayo wauza dagaa huweka juu hakuiweka.

"Wengi wetu tupo, mwalimu," akasema. "Nitawaambia."