Lipa bei ya mama

Watu wangu, ukifika Lodwar, acha kuvutana na mama juu ya bei ya kikapu.

Kuna Nawoitorong, ile gesti inayoendeshwa na kikundi cha kina mama. Hapo ndipo nilielewa kazi yenyewe. Kikapu kinaanzia kwa mkoma, mti ambao Waturkana wanaita eng'ol. Majani machanga yanakaushwa juani, yanapasuliwa nyembamba, mengine yanatiwa rangi. Halafu mama anaanza katikati ya kitako, anasuka duara juu ya duara, siku baada ya siku.

Na hii si hobi. Kuanzia mwisho wa 2020, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo huku kaskazini. Mbuzi wakiisha, kikapu ndicho kinanunua unga.

Sasa wewe umelipa ndege kutoka Nairobi, unampunguzia mia mbili, kisha unarekodi mikono yake bure. Hiyo video inakulipa wewe, si yeye.

Kakuma ni vilevile. Kambi iko tangu 1992, na bado mgeni anashuka kwa gari akipiga watoto picha bila kuuliza mzazi.

Pia tuache zile kapsheni za "watu waliosahaulika na wakati". Mama niliyenunua kwake alinitajia namba ya M-Pesa kabla sijamaliza kuuliza bei. Yuko 2020s kama sisi.

Omba ruhusa. Lipa alichosema. Akikubali, taja jina lake kwa posti. Sisi maproducer wa video tunapenda kutajwa, sivyo? Hata yeye.