Nauli ya Lodwar, Sanduku la Kakuma

Bajeti ya safari ya Turkana kwa barabara huanzia Kitale. Hapo ndipo abiria wa kutoka Nairobi au Eldoret anapokutana na mambo mawili yatakayoamua atatumia kiasi gani: saa ya kuondoka na uzito wa mizigo. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni takriban kilomita 300, kupitia Kapenguria, Marich, Kainuk na Lokichar. Barabara ni ileile ya A1 inayoendelea hadi Kakuma, Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini huko Nadapal.

Kabla ya kipande cha kutoka Lokichar kwenda Nadapal kujengwa upya kwa fedha za Benki ya Dunia, nauli ilikuwa sehemu ndogo tu ya gharama. Springi zilikatika, mito mikavu ilijaa ghafla mvua iliponyesha milimani, na abiria walilala njiani wakinunua chakula kwa bei ya dharura. Lami imeondoa usiku huo wa ziada, na hakuna ujanja wa msafiri unaookoa pesa kama hizo. Kipande cha Kainuk, ambacho kimewahi kusumbuliwa na majambazi, bado ni cha kupita mchana. Anayefika Kitale jioni alale huko, na malazi hayo ayahesabu kama sehemu ya nauli. Kubana matumizi mahali hapo ni kujitafutia balaa.

Mwandishi wa simulizi hii aliingia Lodwar saa saba mchana, wakati ambapo hata bodaboda hutafuta kivuli. Joto la mji huu hupita nyuzi 35 mara nyingi, kwa hiyo maji si kitu kidogo katika bajeti. Chupa ndogo ya baridi hunywewa stejini ikaisha kabla chenji haijarudi, na kufikia jioni chupa za namna hiyo zimekula pesa ya chakula cha usiku. Wakazi hununua maji mengi kwa mkupuo mmoja, wakayagawa katika chupa za zamani na kuzivika kitambaa kilicholowa. Mgeni hana sababu ya kuona haya kufanya vivyo hivyo.

Malazi yana historia yake. Serikali ya kaunti iliundwa mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya mafuta kupatikana katika kisima cha Ngamia 1 karibu na Lokichar. Maofisa, wahandisi na watu wa mashirika wakamiminika, na bei za vyumba zikapanda kwa ajili ya wageni ambao hawalipi kutoka mifukoni mwao. Msafiri anayejilipia asitafute kulala walipolala hao. Chumba chenye feni, neti na dirisha linalopitisha upepo kinatosha. Kiyoyozi ni anasa inayoweza kugharimu nauli nzima ya safari nyingine.

Ziwa Turkana ndilo linalowavuta wengi, na hapo njia mbili hutofautiana sana kwa bei. Kalokol hufikiwa kwa matatu ya kawaida, na kando ya barabara yake zimesimama nguzo za mawe zilizosimikwa maelfu ya miaka iliyopita. Kuzitazama kutoka barabarani hakuna kiingilio. Eliye Springs ina mchanga na chemchemi, lakini aghalabu humlazimu mtu kukodi gari au pikipiki, na gari la watu wanne likikodiwa na mtu mmoja ni hasara tupu. Mashua ya kwenda Kisiwa cha Kati ni hivyo hivyo: bei ni ya mashua, si ya kichwa. Kungoja siku moja Kalokol hadi wapatikane wenzako wa kugawana ni akiba halali, mradi chakula cha siku hiyo ni samaki wa hapo na si makopo ya kutoka mjini.

Wenyeji nao husafiri sana, na namna wanavyoweka akiba inafaa kuangaliwa kwa karibu. Kwa Mturkana wa malisho, benki ni zizi. Mbuzi huuzwa mtu akitaka kwenda hospitali, harusini au kumwona mwana shuleni. Udhaifu wa akiba hii ni kwamba hudhoofika pamoja na mwenyewe: katika ukame wa 2020 hadi 2023 mifugo ilikufa, na iliyobaki ilikonda na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana wengi mjini huuza mnyama angali na mafuta, baada ya akiporo, yaani msimu wa mvua, na kuweka pesa kwenye simu. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu iliyoanza mwaka 2012, ina akaunti ya kufunga ambayo haitoi pesa papo hapo. Kwa mtu mwenye jamaa wengi wenye shida nyingi, kufuli hilo ni msaada kuliko riba yenyewe.

Kakuma iko kama kilomita 120 kutoka Lodwar. Kambi yake ilianzishwa mwaka 1992, na pamoja na makazi ya Kalobeyei ina wakimbizi zaidi ya 250,000. Uchunguzi wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, uliochapishwa mwaka 2018, ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 katika kambi na mji. Mgeni mwenye bajeti ndogo hula vizuri hapa: injera na kahawa kwa Waethiopia, wali na chai ya maziwa kwa Wasomali.

Vikundi vya akiba vya aina inayopatikana hapa hutumia sanduku la chuma lenye makufuli matatu, na kila ufunguo hukaa kwa mtu tofauti. Haliwezi kufunguliwa ila wote watatu wawe wamekaa mbele ya kikundi. Hisa huandikwa katika daftari la kila mwanachama kwa mihuri, hata asiyejua kusoma ahesabu zake. Mwishoni mwa mzunguko, ambao kwa kawaida hauzidi mwaka, pesa zote hugawanywa. Kwa mkimbizi mwenye lengo la safari, sanduku hilo hufanya kazi ambayo bajeti ya kawaida haiiwazi. Hawezi kutoka kambini bila kibali, na kibali huja kwa siku zake. Nauli inayokaa nyumbani huliwa kabla kibali hakijatoka. Iliyo chini ya makufuli matatu humngoja.

Tatizo ni tarehe. Vikundi vingi, kambini na kwingineko Kenya, hugawana Desemba, wakati magari ya kwenda na kutoka Turkana yamejaa na nauli imepanda. Akiba ya mwaka mzima huingia mkononi katika juma lile ambalo inanunua kidogo zaidi. Kikundi ambacho wanachama wake wanaweka kwa ajili ya safari kisogeze mgao hadi Oktoba. Pesa ya kurudi itengwe siku hiyohiyo, kwa sababu viti vya kutoka Lodwar huwa haba tena shule zinapofunguliwa Januari.