Alama za Binti na Ushauri Wetu

Mwaka jana, baada ya swala ya alasiri, alitujia barazani mama mmoja mwenye binti wa Gredi ya Tisa katika shule ya umma ya hapa mtaani. Akasema, "Sheikh, mwanangu ataka mkondo wa sayansi, na babake ataka asome masomo ya jamii. Wewe watushaurije?" Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, hatukumuuliza swali hata moja. Tulimjibu papo hapo kwamba babake ameona mbali: sayansi ni masomo mazito, yana gharama, na huenda yakampeleka binti bwenini, mbali na macho ya wazee wake. Mama akashukuru, akajitanda buibui lake, akaenda zake.

Tulizoea kudhani kuwa hisabati tuliyoipata chuoni yatosha. Tulijifunza mafungu kwa mirathi: mke ana thumuni mume akiacha watoto, mama ana sudusi, na mwanafunzi aliyeshindwa kuyapatanisha mafungu hayo alirudishwa mwanzo, mara nyingine kwa bakora. Nyakati za swala na upande wa kibla tulizisoma kwa falaki. Ajabu ni kwamba aliyesomeshwa hayo yote ndiye aliyemwambia mama wa watu kuwa elimu ya namna hiyo haimfai mwanawe.

Juma lililofuata tulialikwa mkutano wa wazazi shuleni hapo. Mwalimu wa sayansi alieleza kuwa mtihani wa mwisho wa Gredi ya Tisa hubeba asilimia 60 tu. Asilimia 20 hutokana na tathmini ya Gredi ya Sita, na 20 nyingine na kazi za Gredi ya Saba na ya Nane, ambazo walimu huzipeleka kwa Baraza la Mitihani kwa mtandao. Mtoto, basi, ana historia yake iliyoandikwa. Kisha kila mzazi akaitwa kwenye tarakilishi kutazama alama za mwanawe. Yule mama alipofika zamu yake, alisimama muda mrefu, halafu akageuka. "Sheikh, njoo nawe uone."

Tulikwenda, tukaona, tukaona na haya. Alama za binti katika sayansi zilikuwa zikipanda muhula baada ya muhula. Za masomo ya jamii zilikuwa za wastani. Zilikuwapo siku zote, na hakuna aliyeziuliza, sisi tukiwa wa mbele.

Haikuwa shule ya kujivunia. Maabara ni chumba kimoja chenye bomba lisilotoa maji na hadubini moja kwa madarasa matatu. Vile vishikwambi vya serikali, ambavyo shule za msingi zilianza kugawiwa mwaka 2016, tulivikuta kabatini chini ya kufuli, hata chaja hazijulikani ziliko. Mzazi mmoja, fundi wa simu, alijitolea kuvikagua bila malipo. Mwalimu mkuu naye alikumbusha kwamba fedha za serikali huja kwa idadi ya watoto waliosajiliwa katika mtandao wa wizara, na cheti cha kuzaliwa ndicho kinachohitajika. Mama watatu wakainamisha vichwa. Wazazi wetu, vyeti hivyo msiviache.

Wazee wetu walikuwa na hima kutushinda. Mwaka 1951 taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, MIOME, ilikuwa imekwisha kuanza kufundisha vijana ufundi na uhandisi. Leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Usiku ule, baada ya isha, tulimwendea babake binti, tukamwambia wazi kuwa tulikosea. Hakujibu. Mkewe akamletea karatasi aliyoandikiwa na mwalimu. Akavaa miwani, akaisoma kimya, akaigeuza nyuma, akairudia tena. Kisha akauliza sekondari pevu yenye maabara iko umbali gani, na nauli ni kiasi gani.