Saa Moja Bila Jua

Saa ya Kiswahili inahitaji jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza tangu kukuche, na sisi tuliokulia Musoma hatukuwahi kuona haja ya kumfafanulia mtu jambo hilo, kwa kuwa kwetu iwe Juni au Desemba jua linachomoza karibu wakati uleule. Hapa Winnipeg, nchini Kanada, mwishoni mwa Desemba huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Naingia kazini gizani, natoka gizani. Nilipomwambia mama kwamba saa moja asubuhi kwetu bado ni usiku, alinijibu, "Basi hiyo si saa moja, mwanangu. Hesabu upya."

Theluji mama anaiita barafu, na barafu anaijua kuliko mimi. Miaka mingi alinunua samaki mwaloni Mwigobero, na kule barafu ni pesa: inapondwa, inamwagwa juu ya sangara ili wasiharibike njiani. Kwa hiyo nilipomtumia picha ya uwanja uliofunikwa hadi magotini, aliuliza nani anaiuza. Hakuna, nikamwambia, tunalipa watu waje kuizoa. Alinyamaza kidogo. "Mnalipa ili itupwe." Hadi leo anawasimulia wenzake.

Siku ya kwanza theluji inapoanguka, ile nyepesi ya Novemba, sina ugomvi nayo. Hata mimi nilitoka nje nikapiga picha. Ugomvi wangu ni na Machi, wakati ileile ya Novemba bado imerundikwa pembeni mwa maegesho, imekuwa nyeusi kama masizi. Katikati hapo kuna siku za nyuzi 30 chini ya sifuri. Ukivuta pumzi, vinyweleo vya puani vinaganda. Gari nalo linachomekwa kwenye umeme usiku kama simu, la sivyo asubuhi haliwaki.

Baba alikuwa na jibu moja kwa malalamiko yangu yote: Mwalimu alikaa Edinburgh. Ni kweli, mzaliwa wa Butiama alisoma huko kuanzia 1949 hadi 1952, katika mji ambao Desemba jua lake huzama kabla ya saa kumi jioni. "Na akarudi," baba aliongeza kila mara. Nadhani hayo maneno mawili ndiyo yaliyokuwa yangu, Edinburgh ilikuwa kisingizio tu.

Alifariki Februari, Bunda. Dhoruba ya theluji ilikuwa imefunga barabara, na ndege zikaahirishwa siku mbili mfululizo. Nilikaa sebuleni, sanduku likiwa mlangoni. Baba mdogo akapiga simu: mwili uko mochwari, watu wanalala nje msibani, ng'ombe wawili wameshaliwa. "Hiyo barafu haiwezi kusukumwa?" Hakuwa akinidhihaki. Kwake yeye kinachozuia safari ni mto uliojaa, na mto uliojaa asubuhi hupungua jioni. Nilimwambia wazike.

Walizika saa nane mchana. Kwangu ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Kaka alinishikia simu, mtandao ukakatika mara tatu, na nilichosikia vizuri ni wimbo wa kina mama na udongo ukianguka.

Wiki iliyofuata mfanyakazi mwenzangu aliniambia, kwa nia njema, kwamba hapa ardhi huganda ngumu kiasi kwamba wakati wa baridi makaburini huipasha joto kwa mashine kabla ya kuchimba. Nikamwambia kwetu Mara shida ni mawe, na dawa yake ni mtalimbo. Hakuujua. Nikamwonyesha video aliyonitumia kaka, sekunde chache za jioni ya kabla ya maziko: vijana sita vifua wazi shimoni, wanapokezana, na chuma kinagonga mwamba.