Kilembwe wa Tippu Tip

Waswahili tuishio Maskati tuna desturi ya kuulizana nasaba kabla ya kuulizana kazi. Mgeni akishakaa, akishapewa halua na kahawa, ataulizwa: wewe wa nani? Na jibu halikomei kwa baba. Hupanda hadi kwa babu, likavuka bahari, likafika kwenye jina kubwa, na hapo ndipo waliokaa huridhika. Nimewasikia wanaojinasibisha na Sayyid Said, wengine na Mazrui wa Mombasa, wengine na mashekhe ambao makaburi yao yanazuriwa hadi leo. Sijapata kumsikia mtu akisema kwamba ametokana na mpagazi. Msafara wa bara ulikuwa na tajiri mmoja na wapagazi kwa mamia, lakini ukiyasikiliza mazungumzo ya barazani petu utadhani kwamba matajiri wote walizaa na wapagazi wote walikuwa tasa.

Sisi kwetu, mkubwa wetu ni Tippu Tip.

Kisa chenyewe hukisimulia ami yangu, naye hukisimulia vizuri. Baba wa babu yetu, asema, alizaliwa Kasongo, katika nchi ya Manyema, yapata 1884, akaletwa Unguja angali mtoto Tippu Tip aliporudi pwani mara ya mwisho. Alilelewa katika nyumba ya Shangani, ile ambayo mpaka leo wageni huonyeshwa mlango wake wa nakshi. Ushahidi ulikuwako: kasha la mninga lenye misumari ya shaba, na ndani yake karatasi yenye mhuri. Kasha lilibaki Unguja 1964, na karatasi ilibaki ndani ya kasha. Nimekwisha kuzisikia nasaba nyingi za namna hii, na takriban zote zina kasha lililobaki mahali.

Lakini siandiki kumcheka ami. Mtu huyo tunayemdai alikuwako, na habari zake si za kubuni. Jina lake ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyezaliwa Unguja yapata 1837. Alifanya biashara ya pembe na watumwa, akaingia Itahua, akaingia Urua, akajenga himaya yake Manyema, na mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji akamfanya wali wa Stanley Falls. Alikufa Unguja 1905. Jina la Tippu Tip, kwa maelezo yake mwenyewe, walimpa watu wa bara kwa kuigiza mlio wa bunduki zake. Na jambo linalomtenga na matajiri wenzake ni kwamba alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita. Kitabu hicho ni miongoni mwa maandishi ya kwanza ya mtu wetu kujieleza maisha yake kwa lugha yetu. Mwanafunzi wa fasihi hawezi kukipita. Wala kilembwe hawezi.

Nimesema kilembwe kwa sababu lugha yetu ina hesabu yake katika jambo hili: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Ikiwa kisa cha ami ni kweli, baba wa babu yetu alikuwa mwana, na mimi ni kilembwe. Na kilembwe, kama ilivyo kwa kila mwanadamu, ana wazee 16 wa daraja ile, wanane wanaume na wanane wanawake. Kwetu sisi wote 16 wamekuwa mmoja.

Kuna sababu ya hayo, nayo si majivuno matupu. Watu wetu waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1964, na wale waliorejea Omani baada ya Sultani Qaboos kushika nchi 1970, walifika wakizungumza Kiswahili, na Kiarabu chao kikiwachekesha wenyeji. Waliitwa Wazanzibari. Katika nchi ambayo kila mtu ana nisba ya kabila mwishoni mwa jina lake, aliyekuja hana budi kuonyesha anaingia wapi. Babu yangu alipoulizwa kabila lake alitaja el-Murjebi, na jina hilo likatufungulia mlango: likatupa karatasi, likawapa watoto shule, likatupa pa kusimama. Basi ami anapolitetea jina hatetei hadithi ya barazani. Anatetea siku ile babu aliposimama mbele ya meza akangojea kuaminiwa.

Na jina huweza kuwa letu kwa njia zaidi ya moja. Unguja, aliyeachwa huru aliweza kujinasibisha na ukoo wa bwana wake. Wajuao fiqhi huuita uhusiano huo wala, na wanauhesabu kuwa kama udugu. Yawezekana baba wa babu yetu alikuwa mtoto wa Tippu Tip. Yawezekana pia alikuwa mtoto wa mmoja wa watu wake, akakulia nyumbani mwake, akalichukua jina kama alivyoichukua kanzu ya nyumba ile. Ami hapendi kuisikia dhana hii ya pili. Binamu yangu aishiye Uingereza alipima vinasaba, akaletewa majibu kwamba sehemu si haba ya damu yake ni ya Kongo. Ami akasema mashine za Wazungu haziaminiki. Akasahau kwamba Kongo ilikuwamo katika hadithi yake yeye mwenyewe tangu mwanzo.

Maana mtoto aliyezaliwa Kasongo alikuwa na mama.

Katika kisa cha ami mama huyo hupita kwa maneno mawili: yule Mmanyema. Hana jina, hana baba, hana kijiji. Nilimwuliza shangazi, ambaye ni mkubwa wa ami na hasimulii mbele za watu. Naye alikuwa na mambo mawili tu, aliyoyapata kwa baba yake aliyemwona bibi huyo utotoni. La kwanza, alikuwa mrefu kuliko wanaume wa nyumba ile. La pili, mizinga ya Idi ilipokuwa ikipigwa, aliingia chumba cha ndani akafunga mlango, wala hakutoka mpaka itulie. Watoto wakimcheka. “Jina, mwanangu, sikulisikia,” shangazi aliniambia. “Alikuwa nalo la kupewa, lakini hata hilo hawakulitumia.”

Kisheria hapakuwa na aibu yoyote. Mtoto wa suria ni huru, naye ni sawa na mtoto wa mke katika nasaba na urithi. Suria aliyezaa hauzwi tena, na kwa desturi ya Unguja bwana akifa huwa huru. Amri ya 1897 iliyoufuta utumwa Unguja na Pemba haikuwahusu masuria. Wao walingoja hadi 1909. Kwa hiyo Tippu Tip alipofariki, bibi yetu, ikiwa alikuwa wake, alipata uhuru kwa msiba kabla hajaupata kwa serikali. Sheria iliyomwinua mtoto ndiyo iliyorahisisha mama asahauliwe. Nasaba inakwenda kwa bin na bin na bin, na mnyororo huo hauna pete inayoitwa kwa jina la mwanamke.

Nitaambiwa kwamba ndivyo nasaba zote za Kiarabu zilivyo. Si kweli kabisa. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alipochapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, alituambia jina la mama yake, Jilfidan, Mcherkesi, suria aliyetekwa angali mtoto mdogo. Kwa maelezo ya Salme mwenyewe, watoto ambao Sayyid Said aliwaacha hai wote walikuwa wa masuria. Barazani petu watu hulitaja jina la Jilfidan bila kusita, na wengine huongeza kwamba alikuwa mweupe. Suria wa Kicherkesi ana hadithi. Suria wa Kimanyema ana maneno mawili. Sidhani kwamba kilichotofautisha hapo ni sheria.

Nikarudi kwenye kitabu cha Tippu Tip nikimtafuta bibi yetu, nami nilijua kwamba sitampata. Nilichokipata ni kisa ambacho nilikuwa nimekisoma mara mbili tatu hapo awali kwa kuburudika nacho. Tippu Tip alikuwa akielekea Utetela, nchi ya Kasongo Rushie, mtemi mzee. Njiani akasikia kwamba zamani dada wa mtemi huyo walitekwa vitani wakapotea. Basi akatunga nasaba. Alipofika akasema kwamba babu yake, aliyesafiri bara zamani, alinunua mwanamke wa nchi ile akamfanya suria, na mwanamke huyo ndiye aliyemzaa mama yake. Kwa hiyo yeye ni mjukuu wa dada aliyepotea, naye amerudi kwao. Mzee akamwamini, akampokea kwa furaha, akamwachia utemi. Luteni Cameron, Mwingereza, alipokutana naye pande zile 1874, alikuta Mwunguja anayetawala nchi ya Watetela kwa haki ya bibi ambaye hakuwa bibi yake.

Wasomaji wengi hucheka hapa, na Tippu Tip mwenyewe alikisimulia kwa namna ya mtu anayetaka tucheke. Ni werevu wa tajiri. Lakini safari hii niliusoma ukurasa ule kwa jicho la mtu aliyekuwa akimtafuta mwanamke, na swali langu likawa jingine: kwa nini aliaminiwa? Aliaminiwa kwa sababu habari yenyewe ilikuwa ya kila siku. Wanawake walikuwa wakitekwa kweli. Walikuwa wakiuzwa kweli, wakapelekwa pwani, wakawazaa watoto wenye majina ya Kiarabu. Uwongo wake ulijengwa kwa matofali ya kweli, na matofali hayo yalifyatuliwa na misafara kama ya kwake. Mzee Kasongo Rushie alikuwa na dada waliopotea, na katika miaka yote ile hakuna mtu aliyemletea habari zao ila huyu mmoja, aliyekuja na bunduki.

Basi Tippu Tip alimdai mwanamke aliyetekwa ili apate nchi. Sisi tunamfuta mwanamke aliyetekwa ili tupate heshima. Yeye alijua kwamba katika nchi ya Watetela suria ndiye ufunguo, nasi tunajua kwamba Maskati ufunguo ni bwana wake. Nimeipima tofauti hiyo kwa muda sasa na siioni kuwa kubwa. Na kama ni kweli kwamba sisi ni vilembwe wake, basi hapa ndipo tulipofanana naye zaidi.

Yote haya yangebaki mawazo ya msomaji wa vitabu, lau si kwamba mwaka huu ami ameamua kuichapisha shajara ya nasaba yetu, iandikwe kwa Kiarabu na Kiswahili, iwekwe kwenye fremu, igawiwe kwa kila nyumba, za Maskati na za Unguja na za Uingereza. Kazi ya kuiandika amenipa mimi. Nimemwandikia majina yote aliyonipa, na juu kabisa nimemweka Hamed bin Muhammed kama alivyotaka. Ubavuni mwake paliachwa nafasi ya mama. Ami aliniagiza niandike “binti Abdallah,” jina ambalo watu wetu waliwapa wale ambao baba zao hawakujulikana au hawakuulizwa. Ni jina la heshima, alisema, na halimuudhi mtu: sote tu watumwa wa Mungu.

Nilimwandikia barua, kwa adabu, nikamwomba aniruhusu mstari mwingine, nami nikauweka kwenye nakala: Mmanyema, aliyetekwa, mrefu, jina lake la kwao hatukulihifadhi. Shangazi alisomewa nakala hiyo kwa simu. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kama nafasi ile inatosha kuongeza habari ya mizinga.

Ami hajajibu. Mchapaji anangoja.